Nyumba Moja, Majalada Matatu

Wasikilizaji wangu wapenzi, ninyi mlioko Kitale mjini, Kiminini, Saboti na Endebess, na ninyi mlioko upande wa pili, Bungoma, Webuye, Kimilili, Chwele na Sirisia, natumaini ng'ombe wamekwisha kukamwa, chai imeshuka motoni, na yule mtu wa nyumbani ambaye hupenda kuanza hadithi yake pindi redio inapoanza yake ametumwa dukani.

Mazungumzo yetu ya jioni hii yanahusu talaka, na hasa yale anayopaswa kuyatazamia mtu ambaye, baada ya kushindwa na sulhu za wazee na nasaha za kanisa au msikiti, ameamua kuipeleka ndoa yake mbele ya hakimu. Sikuja kumshawishi mtu aachane na mwenziwe, wala sikuja kumzuia, kwa kuwa washawishi na wazuiaji mnao tele katika kila kijiji na hawana haja ya msaada wangu. Nimekuja kueleza njia tu, kama anavyoelezwa mgeni anayetoka Kitale kwenda Bungoma kwamba atapita Kiminini, kisha Kamukuywa, na kwamba akifika Webuye huenda akashushwa na kuhamishiwa gari jingine, basi asije akadhani amepotea.

Na kwa nini mimi? Kwa sababu sehemu kubwa ya umri wangu niliimaliza katika masjala ya mahakama, karani, kijana wa Mombasa niliyehamishiwa bara kwa barua ya mistari mitatu, nikaja na sanduku moja, kofia ya mkono, na koti lisilofua dafu mbele ya baridi ya asubuhi za huku. Sikuwa hakimu wala wakili, na msinichukulie kuwa hivyo. Kazi yangu ilikuwa kupokea karatasi, kuzipiga muhuri, kuzitoboa na kuzifunga kwa uzi ndani ya jalada. Walakini mtu akikaa dirishani miaka mingi huona mengi, na nililoliona mimi zaidi ya yote ni hili: watu huja kortini wameibeba nyumba yao nzima, na korti haina mlango wa kupitisha nyumba nzima.

Niwape mfano mmoja. Asubuhi moja, mvua ya usiku ikiwa bado inachuruzika paani, alifika dirishani pangu mama mmoja wa makamo, leso kiunoni juu ya gauni la kwendea kanisani, mkononi ameshika mfuko wa mbegu za mahindi uliooshwa ukaoshwa hata maandishi yakafifia. Nikamwuliza, "Mama, umekuja kwa shauri gani?" Akanijibu, "Nimekuja kwa yote, mzee." Nikamwuliza yote ni yapi. Akayataja pasi na kupumua: anataka ndoa ivunjwe, watoto wakae naye, mume alipe karo, shamba ligawanywe, na kuna ng'ombe wawili wa mahari ambao ndugu za mume wameanza kuwadai. Kisha akaumimina ule mfuko juu ya ubao wa dirisha langu: stakabadhi za shule, daftari la maziwa, barua ya chifu, kadi ya kliniki, na picha ya harusi iliyoliwa ukingo mmoja na mchwa.

Nikamwambia, "Mama, hapo hujanipa shauri moja. Umenipa matatu, na la nne linachungulia mlangoni."

Hilo ndilo nitakalolirudia jioni hii, na mtanisamehe nikilirudia mara nyingi. Ndoa ina jalada lake. Watoto wana jalada lao. Mali ina jalada lake. Anayekwenda mbele ya hakimu wa talaka akitazamia kutoka na shamba mkononi na watoto begani atarudi nyumbani akisema ameonewa, ilhali hakuonewa na mtu. Alibisha mlango wa chumba kimoja akitafuta kilichomo katika chumba kingine.

Haya, na tuanze na jalada la kwanza, la ndoa yenyewe.

Swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: mlioana vipi? Zamani sheria za ndoa katika nchi yetu zilikuwa zimetawanyika, kila umma na yake, nyingine zikiwa ni urithi wa mkoloni. Ikaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ikazikusanya pamoja, ikazitambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kila moja ina njia yake ya kufungwa na, kwa hiyo, ina njia yake ya kufunguliwa. Waislamu hupeleka mambo yao kwa kadhi, ambaye mamlaka yake yametajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba, maadamu pande zote mbili ni Waislamu na zimeikubali korti yake. Na huko watazungumza kwa istilahi nilizokua nikizisikia barazani Mombasa, za talaka, khului, faskhi na eda, ambazo zastahili jioni yake peke yake. Waliobaki hufungua shauri lao kwa hakimu. Wapo wanaodhani kwamba talaka ni lazima isikizwe na jaji wa Mahakama Kuu, wakaogopa gharama kabla ya kuuliza. Siyo hivyo. Hakimu wa Kitale aweza kulisikiza, na hakimu wa Bungoma aweza, na mtu wa Kimilili, Webuye au Sirisia anayo mahakama ya mahakimu karibu naye.

Sasa, ithibati ya ndoa. Aliyefunga kanisani au kwa msajili atatoa hati ya ndoa, na ikiwa imepotea au imeungua ataomba nakala. Lakini je, yule aliyeoa kwa mila? Wengi wetu huku, na hasa katika nyumba za Wabukusu, tulipeleka ng'ombe, wazee wakala, wakanywa, wakabariki, na hapana aliyekumbuka karatasi. Sheria inasema ndoa ya kimila nayo iandikishwe kwa msajili, na wenye kuifunga wampe taarifa katika muda wa miezi mitatu baada ya mila kukamilika. Na mahali ambapo mahari ni sharti la ndoa, hata sehemu yake ndogo iliyotolewa kama ishara yatosha kuthibitisha kwamba mliooana mlioana. Basi kama hukuandikisha, usikate tamaa, bali jitayarishe kuleta mashahidi: mjomba aliyepokea ng'ombe, shangazi aliyekuwapo, barua ya chifu. Na wale ambao hawakupeleka hata kuku, waliokutana mjini wakapanga chumba wakaitana mume na mke? Hao kwanza wana kazi ya kuithibitisha ndoa yenyewe, na kazi hiyo imezidi kuwa nzito, kwa kuwa Mahakama ya Juu, katika hukumu ya Januari 2023, ilionya kwamba kuishi pamoja hakutoshi peke yake, na kwamba dhana ya ndoa ichukuliwe kwa uangalifu mkubwa.

Baada ya hapo hakimu atataka kujua sababu. Na hapa, wasikilizaji wangu, nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo maneno mengi humwagika bure. Korti haikuulizi kama humpendi tena mwenzio. Wala kusema "tumekubaliana tuachane" si sababu iliyoandikwa katika sheria. Zilizoandikwa ni kama hizi: uzinifu, ukatili, kutorokwa kwa muda wa miaka mitatu au zaidi, ufasiki uliopita kiasi, na ndoa kuvunjika kiasi cha kutoungika tena. Hii ya mwisho ndiyo kapu pana, nayo sheria, kwa ndoa za kiserikali, imeieleza kwa mifano, mathalani wawili kutengana kwa miaka miwili au zaidi, au mmoja kufungwa kifungo cha maisha au cha miaka 7 na zaidi. Ndoa ya kimila huongezewa sababu zinazokubalika katika mila husika.

Kulikuwa pia na kizuizi kilichosema kwamba waliofunga ndoa ya kiserikali wasiombe talaka kabla ya kutimiza miaka mitatu. Mahakama Kuu ilikwisha kukitangaza kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba, ingawa hata leo utakutana na mjuzi wa kituo cha matatu akikusomea kama kwamba kimeandikwa jana.

Na neno ukatili lisiwapotoshe. Nimewaona wake waliokaa kizimbani wakajibu, "La, hakunipiga," wakadhani wamekwisha kushindwa. Ukatili si ngumi peke yake. Kumfungia mtu chakula ghalani, kumtukana mbele ya watoto mwaka baada ya mwaka, kumnyima mwendo na maneno kama mfungwa, hayo nayo huhesabika, iwapo yataelezwa kwa bayana. Nasisitiza, kwa bayana. Usiseme "amenitesa sana." Sema siku, sema mahali, sema aliyekuwapo. Hakimu hakuwapo jikoni kwako.

Lakini kama ngumi zipo, usingoje jalada la talaka lifike zamu yake. Nenda hospitali, nenda polisi upewe fomu ya P3, na umwombe hakimu amri ya ulinzi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani. Amri hiyo haingojei talaka, wala haikulazimishi kuachana.

Shauri hufunguliwa kwa maombi yaliyoandikwa, yakifuatana na hati ya kiapo inayosema kwamba yaliyomo ni kweli. Siku hizi karatasi hupitia katika intaneti na ada hulipwa kwa simu, hata masjala niliyoiacha imejaa vumbi na nyuzi sasa inaitwa mfumo. Basi asiyejua hukaa saiba karibu na korti akisaidiwa na vijana wa kupiga chapa. Wengi wao ni watu wema. Ila mpiga chapa si wakili, na maombi ya talaka yaliyonakiliwa kutoka kwa mtu mwingine, majina yakabadilishwa na ugomvi ukabaki ule ule, huaibisha kortini. Nimepata kulisoma jalada ambamo mume wa Kitale alishitakiwa kwa kulewa pombe katika mji ambao hakuwahi kuukanyaga. Asiye na uwezo wa wakili aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, au chama cha mawakili wanawake, FIDA. Na hata asipompata wakili, sheria haimkatazi kujisemea mwenyewe.

Kisha mwenzio lazima apewe habari. Samansi hupelekwa kwake, na anayeipeleka hula kiapo kwamba imefika. Je, akiwa mbali? Tuseme kijana wa Kiminini ambaye mkewe alikwenda Riyadh kufanya kazi za nyumbani, na sasa hata sauti yake imekuwa adimu. Korti yaweza kuruhusu samansi ipelekwe kwa njia nyingine, kwa tangazo la gazeti au kwa simu, mradi korti iridhike kwamba habari itamfikia. Na mke huyo naye aweza kuomba atoe ushahidi kwa njia ya video badala ya kununua tikiti ya ndege. Msidhani tu kwamba mwenzio akinyamaza basi umeshinda. Asipojibu, shauri litasikizwa upande mmoja, lakini wewe mwenyewe utapanda kizimbani, utaapa, utaeleza, na hakimu ataupima ushahidi wako kama ambavyo angeupima mwenzio akiwa amekaa mbele yako.

Sasa nizungumze juu ya jambo dogo linalowavunja moyo watu wengi kuliko sheria zote. Kutajwa si kusikizwa. Utaambiwa kesi yako ni tarehe fulani. Utaamka alfajiri, utalipa nauli, utafika saa mbili, utakaa katika benchi hata saa tano, jina la shauri litasomwa, wakili atasimama, maneno mawili matatu yatasemwa, na utaambiwa tarehe nyingine. Nje utawasikia watu wakisema hakimu amehongwa. La. Ilitajwa tu, korti ilitaka kujua kama karatasi zimefika, kama upande wa pili umejibu, kama tarehe ya kusikizwa yaweza kutolewa. Basi uliza kila mara: hii ni ya kutajwa au ya kusikizwa? Ikiwa ni ya kutajwa, uliza kama waweza kuhudhuria kwa video na kubaki shambani kwako. Ikiwa ni ya kusikizwa, njoo na mashahidi wako wote na karatasi zako halisi, na uje mapema. Shauri lisilopingwa laweza kumalizika katika miezi michache. Linalopingwa laweza kula mwaka, na miaka.

Huenda pia, kabla ya kusikizwa, mkapelekwa kwa msuluhishi. Mpango huu wa usuluhishi ulio chini ya mahakama ulianzia Nairobi mwaka 2016, ukasambaa. Watu huuogopa wakidhani watalazimishwa kurudiana. Hapana anayelazimishwa. Mara nyingi kinachosuluhishwa ni namna ya kuachana, na hasa watoto na vitu. Kadhalika sheria inaziruhusu ndoa za kimila zipite kwanza kwa wazee. Mimi nina imani na wazee wa Bungoma, nimewaona wakikaa chini ya mti tangu asubuhi hata jua likalala, wakilifukua neno moja mpaka mizizi. Ila ninayo shaka yangu moja, nayo ni kwamba katika vikao vingi nilivyosimuliwa, mke alikaa kando akisemewa na kaka yake.

Siku ya kusikizwa, mara nyingi mambo ya nyumba husikizwa faraghani, mbali na macho ya umma, na hukumu zinazochapishwa hutaja wahusika kwa herufi tu, A dhidi ya B. Basi msiogope kwamba siri zenu zitasomwa sokoni. Hakimu akiridhika atatoa kwanza amri ya muda, na baada ya kipindi fulani, ambacho siku hizi aghalabu ni siku 30, ndipo amri hiyo inapofanywa ya mwisho. Je, katika siku hizo mtu ni mume wa mtu au siye? Ni mume wa mtu. Asifanye harusi nyingine. Na amri ya mwisho ikitoka, chukua nakala iliyothibitishwa kwa muhuri, uiweke mahali penye usalama kuliko ulikokuwa umeiweka hati ya ndoa, kwa kuwa msajili ataiulizia siku utakapotaka kuoa au kuolewa tena.

Hilo ni jalada la kwanza. Ndoa imevunjwa. Je, shamba liko wapi? Halimo. Watoto wako wapi? Hawamo.

Jalada la pili ni la watoto, na hufunguliwa katika korti ya watoto, ambayo hakimu wake ametangazwa mahsusi kwa kazi hiyo. Halihitaji kungoja talaka, na kwa kweli halihitaji hata ndoa, maana kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Hapa sheria ni ile ya watoto ya mwaka 2022, nayo imesimama juu ya nguzo moja: maslahi ya mtoto kwanza. Hakimu hataki kujua nani alimkosea nani. Hapo ndipo akina baba hughadhibika na akina mama hushangaa. Mwanamume atasema, "Huyu alizini, atapewaje watoto?" Na hakimu atamwuliza, "Mtoto anasoma wapi? Nani humpeleka? Akiugua usiku nani humbeba?" Kwa desturi ya korti, watoto wadogo sana hukaa na mama isipokuwa pana sababu ya kutosha ya kufanya vingine, na baba hupangiwa siku za kuwaona; ila desturi si amri, na kila nyumba hutazamwa kwa hali yake.

Kisha masurufu. Kila mzazi ataapa kuhusu kipato chake, na hapa uongo ni mwingi kuliko mahindi ya Trans Nzoia. Mwalimu ana hati ya mshahara. Mwenye bodaboda hana, mwenye ekari tatu za miwa hana. Kwa hiyo njoo na hesabu ya mtoto, siyo ya hasira: karo ya muhula, sare, chakula cha mwezi, bima au dawa. Hakimu aweza kukubali kilicho katika uwezo wa wazazi, na wazazi wenyewe wakipatana, tuseme baba alipe karo na alete magunia mawili ya mahindi kila mavuno, mama atoe malazi na maziwa, makubaliano hayo huandikwa, husainiwa, nayo huwa amri ya korti yenye meno.

Jalada la tatu ni la mali. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo palipo na moto.

Mjue kwanza kwamba hadi mwaka 2013 wanandoa wa Kenya walikuwa wakigawanyiwa mali kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Nasema 1882, wasikilizaji wangu, kabla reli haijafika huku, sheria iliyoandikwa kwa ajili ya mabibi wa London ndiyo iliyokuwa ikipima jasho la mama wa Chwele. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ilibadili mambo: inasema mali iliyochumwa katika ndoa ni ya wawili kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja, na mchango ukaelezwa kwamba si fedha peke yake. Kupika, kulea, kulima, kusimamia duka, hata kumfariji mwenzio na kukaa naye kama mwandani, yote ni mchango.

Basi je, ni nusu kwa nusu? Swali hili nimeulizwa katika matanga, katika matatu, na mara moja nikiwa nanyolewa. Jibu lilitolewa na Mahakama ya Juu tarehe 27 Januari 2023: Katiba, kifungu cha 45, inawapa wanandoa haki zilizo sawa, lakini usawa huo haumaanishi kwamba kila kitu kinakatwa katikati kwa kisu. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Wapo waliofurahi, wapo waliolia. Mimi karani mstaafu naona hatari moja tu: mwenye kutoa fedha ana stakabadhi, na mwenye kutoa miaka yake jikoni hana, kwa kuwa hapana duka linalotoa risiti ya ugali.

Ndiyo maana lile daftari la maziwa la yule mama lilinifanya nivue miwani nilitazame upya. Lilikuwa na kurasa zilizokunjika, kila siku lita ngapi, zimeuzwa kwa nani, na pembeni kwa kalamu nyekundu: "mabati," "saruji," "karo ya kwanza," "mabati tena." Miaka sita ya mkono mmoja. Mume alikuwa na hati ya shamba kwa jina lake. Mke alikuwa na nyumba nzima imeandikwa pembezoni mwa daftari.

Na shamba la urithi? Huku Bungoma hili ni kubwa kuliko yote. Ardhi aliyorithi mume kabla ya ndoa, na ardhi inayoshikwa kwa amana ya ukoo kwa mila, haihesabiwi kuwa mali ya ndoa. Lakini sheria haikumwacha mke mikono mitupu: kama aliiboresha ardhi hiyo, akapanda kahawa, akajenga zizi, akachimba kisima, ana haki katika thamani ya kile alichokiongeza. Haki hiyo ni ya alichoongeza, siyo ya kaburi la babu.

Shauri hili mara nyingi hupelekwa Mahakama Kuu, au kwa hakimu iwapo thamani ya mali haivuki mpaka wa mamlaka yake. Na mkiwa bado hamjaachana, hilo si kizuizi cha kuiomba korti itangaze haki ya kila mmoja. Zaidi ya hayo, nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani pasipo idhini ya mwenzio. Ukisikia dalali anapima uwanja wako kwa hatua zake, usingoje tarehe ya talaka.

Nilisema la nne linachungulia mlangoni. Ni ng'ombe wa mahari. Madai ya mahari hupelekwa kwa hakimu kwa misingi ya mila, nayo ni jalada lake. Hakimu wa talaka hatahesabu ng'ombe, na ndama waliozaliwa na ng'ombe hao, ambao wazee wenu huwakumbuka kwa majina na rangi, hatawahesabu vilevile.

Dakika zangu zinakwisha, na mtu wa mitambo ananionyesha vidole viwili. Nimrudie yule mama. Siku ile hapakuwa na watu wengi dirishani, basi nilimsaidia kuzipanga karatasi zake katika mafungu, nikayafunga kila fungu kwa uzi wa masjala: barua ya chifu huku, stakabadhi za shule na kadi ya kliniki kule, daftari la maziwa peke yake. Ikabaki picha ya harusi. Akaniuliza, "Na hii, mzee, inakwenda katika jalada gani?"

Nikamwambia, "La kwanza, mama, iwapo hati ya ndoa haipatikani."

Akaishika kwa ncha za vidole, akapuliza vumbi la mchwa ukingoni, kisha akairudisha katika mfuko wa mbegu.

"Hati ninayo," akasema.

Wasikilizaji wangu wa Kitale na Bungoma, usiku mwema.